Matawi Bila Lori

Siku hizi kamera inakupiga picha na ujumbe wa faini unafika kwenye simu kabla hujafika nyumbani. Nyinyi vijana mnalalamika kwamba mashine haina utu. Sawa, lalamikeni. Lakini mimi, mwanamke niliyefanya kazi ya trafiki Embu na Meru tangu enzi ya chaki na kamba ya kupimia, najua utu huo mnaousifu ulikuwa na kero zake. Dereva alikuwa anakutazama machoni na kukuapia kwamba gari lake haliwezi kufika mwendo huo hata likiangushwa kutoka kilele cha Mlima Kenya. Nawe ulikuwa huna cha kumwonyesha isipokuwa macho yako mwenyewe.

Basi tuanzie hapo, kwenye macho. Sheria ya trafiki ilikuwa wazi, na bado iko wazi: dereva hahukumiwi kwa mwendo wa kasi kwa sababu tu afisa mmoja amesimama kortini na kusema, "Kwa maoni yangu alikuwa anakimbia." Maoni ya mtu mmoja hayatoshi. Ndiyo maana tulikuwa tunasimama wawili wawili, mmoja kwenye kalvati, mwingine kule mbele ameshika leso na saa, tukipungiana kama watu wanaoagana. Mwenye haraka aliapa, alitukana, alitaja jina la mkubwa fulani. Tulimwonya hapo hapo kwamba huenda akashtakiwa, maana ukisahau kumwonya mtu, kesi nzuri kabisa inaweza kuanguka.

Aliyenifundisha haya ni Sajini Nyaga, mzaliwa wa Gachoka huko Mbeere, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa kofia yake ya kazi mpaka kwenye nyusi. Sajini alichukua ile sheria ya mwendo wa kasi akaitandaza juu ya kila kitu maishani. Hata chai ya kantini ikiwa haina sukari alikuwa anatafuta wa pili aionje. "Karimi," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "wewe ukiona kitu peke yako, hujaona. Umeota tu." Na jambo lingine, kuhusu mchoro wa ajali: chora ile jicho linaona, si ile kichwa inajua.

Mwenzetu mmoja hakumsikiliza. Alimshtaki mzee wa Manyatta kwa kuendesha akiwa amelewa, akaeleza korti jinsi mshtakiwa alivyoshuka garini akipepesuka. Hakimu akamwomba mzee atembee kutoka kizimbani hadi dirishani. Akatembea akipepesuka vilevile, saa tatu asubuhi, hana harufu ya kitu. Mguu mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni. Tulicheka mpaka karani akatufukuza, lakini somo liliniingia. Mwenzetu aliona mguu, akaandika pombe.

Sasa niwaambie kuhusu kona ya juu ya Manyatta. Nimekaa miaka mingi bila kuiandika, na hata leo kalamu inasitasita.

Mnajua desturi yetu ya matawi. Gari likikwama barabarani, utingo anaruka chini na panga, anakata matawi na kuyalaza kwenye lami, mbele na nyuma, ili anayekuja ajue. Sheria inataka vile vibao vya pembetatu vinavyong'aa, lakini vibao huibwa. Matawi hayaibiwi. Dereva wa kwetu anaheshimu matawi kuliko alama yoyote ya serikali. Taabu yake ni mbili. Lori likitengenezwa linaondoka na kuyaacha matawi njiani, na hilo ni kosa. Halafu ajali ikitokea, wananchi wanaokuja kusaidia nao hukata matawi kuonya magari mengine. Kwa hiyo ukiyakuta mahali pa ajali hayakuambii lolote. Wengi wetu tulikuwa tunayasukuma kando kwa buti na kuanza kupima.

Asubuhi ile tulipoitwa, ukungu ulikuwa mzito hata mashamba ya chai ya pande zote mbili hayakuonekana. Pikapu kuukuu ilikuwa imeingia kwenye chai upande wa kulia. Baiskeli ilikuwa imekunjika, mitungi miwili ya maziwa imepasuka, na maziwa yalikuwa yanateremka polepole kwenye lami kuelekea mtaroni. Kijana aliyekuwa akiyapeleka kwenye kituo cha kukusanyia, Mugendi, alikuwa amekwisha kufa. Kofia yake nyekundu ya sufi ilikuwa kando yake. Niliichora kofia ile kwenye mchoro wangu, mahali ilipokuwa hasa.

Dereva alikuwa ameketi juu ya kalvati, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa Mwalimu Murithi, mtu wa kwetu Kianjai, aliyefundisha shule moja ya huko juu. Nilimjua kwa sura tu.

"Niliona matawi, afande," alisema. "Nikajua kuna lori imekwama hapo kwa kona. Nikapunguza, nikahama kulia ndiyo nipite. Hakukuwa na lori. Kulikuwa na yeye tu."

Matawi yalikuwepo kweli, yamelazwa vizuri kwa mstari kwenye upande wetu wa kushoto. Nikawauliza wachuma chai waliokuwa wamesimama na vikapu mgongoni ni lori gani lililokuwa limekwama pale.

"Hakuna lori, afande," alijibu mama mmoja. "Hiyo matawi huwa tunaipata tu hapo."

"Nani huiweka?"

"Sisi hatujui. Na hatuigusi."

Alinionyesha mtaro kwa kidevu. Ulikuwa umejaa matawi makavu, ya zamani chini, ya juzi juu. Hebu fikirieni. Kwenye baridi ile, mahali ambapo akina mama hutembea mpaka ukingo wa msitu kutafuta kuni, kulikuwa na lundo la kuni kavu kando ya barabara na hakuna aliyeokota hata kijiti. Hapo niliogopa, nawaambia wazi.

Nilikuwa nimeinua buti niyasukume yale mabichi, Sajini akanishika bega. "Acha. Angalia gurudumu limepita wapi." Alichuchumaa, nami nikachuchumaa. Ile alama nyeusi ya breki ilikuwa imepita juu ya tawi, ikaliponda gome likashikana na lami. Tukaenda kwenye pikapu tukakuta vipande vya majani yale yale vimenasa nyuma ya gurudumu la mbele. Kwa hiyo matawi yalitangulia, gari likafuata. Si wananchi walioyaweka baadaye. Kama unataka kujua kazi ya ushahidi wa barabarani, ni hiyo: kujua kipi kiko juu ya kipi kabla gari halijasogezwa na kabla mvua haijanyesha.

Kisha Sajini akaokota tawi zima, akalivunja jani na kulinusa. Uso wake ulibadilika.

"Hii ni mukau," alisema.

"Mukau ni nini?"

"Mti wa kwetu huko chini, Mbeere. Mbuzi wanaupenda sana wakati wa kiangazi. Hapa juu hauwezi kumea, baridi itauua." Aligeuza mahali palipokatwa. Utomvu ulikuwa bado unatoka. "Na umekatwa sasa hivi."

Kutoka nchi ya mukau hadi pale ni mteremko mzima wa mlima, kutoka joto hadi baridi. Nani angebeba matawi mabichi safari hiyo yote, ayapange barabarani, aende zake? Sajini alijifuta mikono kwenye suruali, akaitazama, akaifuta tena.

Mwalimu alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. Hilo si kosa la faini ya kulipa ukaenda kula chakula cha mchana. Ni kifungo cha miaka. Shule ilimsimamisha kazi, na mkewe alikuwa na mtoto mchanga. Mkubwa wetu kituoni alitaka tuyaache matawi nje ya kesi kabisa. "Mkipeleka matawi, hakimu atauliza lori iko wapi, na mtasema nini?" Sajini alijibu, "Tutasema ile tumeona, sir." Tukalifunga tawi moja kama kielelezo, tukalitia lebo, wote wawili tukatia sahihi, na lakiri tukaigandisha juu ya kamba na gome ili lisiweze kubadilishwa. Tukalisimamisha kwenye kona ya stoo ya vielelezo, katikati ya baiskeli zilizoibwa na vibuyu vya pombe haramu.

Stoo ile ilikuwa na harufu ya panya na mafuta ya taa. Baada ya wiki chache ilianza kunukia shamba lililonyeshewa. Niliingia siku moja kutafuta kielelezo cha kesi nyingine, nikaona tawi letu. Majani yalikuwa mabichi. Nikaligusa pale lilipokatwa, kidole kikatoka kimelowa. Nikamwita Sajini, maana nilikuwa nimeona peke yangu. Alikuja, akatazama, akasema, "Funga mlango." Mwezi uliofuata lilikuwa vilevile, na uliofuata. Nilianza kuomba wenzangu waniletee vitu kutoka stoo, nikisingizia mgongo.

Kesi ikaja. Mwalimu alikuwa amekonda kizimbani. Kwenye benchi la nyuma alikaa mama yake Mugendi, amepakata ile kofia nyekundu aliyoifuma kwa mikono yake. Nikaeleza mchoro, nikaeleza alama ya breki, kisha nikaitisha kielelezo. Karani alilileta tawi likidondosha utomvu kwenye sakafu ya korti.

Kiongozi wa mashtaka, ambaye mimi nilikuwa shahidi wake mwenyewe, alinigeukia.

"Konstebo, hili lilikatwa lini?"

"Lilikuwa hivyo siku ya ajali, mheshimiwa."

"Miezi yote hii, na bado linalia?" Watu wakacheka. "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kianjai."

"Na mshtakiwa?"

"Kianjai."

Kicheko kikakatika. Wote walielewa anachosema: kwamba nimekata tawi asubuhi ile ili nimwokoe mtu wa kwetu. Nilikuwa na ushahidi wa kweli, na ubichi wake ndio uliokuwa unaufanya uonekane wa uongo. Mwalimu aliinamisha kichwa, na nikajua anaona miaka yake ikienda.

Sajini akaitwa. Aliikagua lakiri, akaonyesha haijavunjwa, akaonyesha sahihi yake iliyopanda juu ya gome.

"Kwa nini halijakauka?" kiongozi wa mashtaka aliuliza.

"Hiyo sijui, mheshimiwa. Mimi nimeulizwa kama ni hili. Ni hili."

Hakimu, mzee mwenye miwani minene, alilitazama tawi kwa muda mrefu kuliko watu wanavyotazama matawi. Kisha akasema korti itaenda kuona mahali pa tukio kwa macho yake.

Tuliondoka mapema asubuhi. Mimi nilikuwa gari la mbele pamoja na hakimu na kiongozi wa mashtaka. Sajini na Mwalimu walikuwa kwenye Landrova nyuma yetu. Dereva wa korti alikuwa mzee mmoja aliyejivunia kwamba hajawahi hata kukwaruza bampa. Kupita Manyatta ukungu ukatumeza. Mzee akawasha taa, akaenda mdogo mdogo. Tulipoingia kwenye ile kona alibadilisha gia ghafla, akapiga honi, akahamia kulia, kisha akasimama katikati ya upande usio wetu.

"Kuna nini?" hakimu akauliza.

"Matawi, mheshimiwa. Kuna lori mbele."

Hakukuwa na lori. Tulishuka. Matawi yalikuwa yamelazwa kwa mstari, upande wa kushoto, mabichi. Harufu ilikuwa ile ya stoo yangu. Kiongozi wa mashtaka alitazama viatu vyake. Hakimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akamwambia karani aandike kilichoonekana. Halafu, kwa kuwa sheria ni sheria, akaniambia, "Yaondolewe. Hairuhusiwi kuacha kitu barabarani."

Nikayakusanya nikayatupa mtaroni. Mikono ilinata.

Tulikuwa bado tunapima kwa kamba tuliposikia lori likipanda. Tukakimbilia pembeni. Lilikuja taratibu, limejaa viazi, likatoa mlio wa chuma, likasimama. Ekseli ilikuwa imekatika. Lilisimama pale pale nilipoyatoa matawi, na mabaki ya majani yalikuwa chini ya tangi lake.

Utingo aliruka chini na panga. Akageuka huku na huku, kote chai tupu, hakuna mti wa kukata. Ndipo akaona mtaro, akanigeukia.

"Mama, hiyo matawi ni ya nani? Naweza chukua?"

Mimi nilimtazama hakimu, hakimu akatikisa kichwa kukubali. Utingo alikuwa ameshikilia jiwe chini ya gurudumu, kwa hiyo niliyatoa mwenyewe. Mwalimu akaja kunisaidia bila kuambiwa. Mshtakiwa na shahidi, tumeinama barabarani tukilaza matawi ya mukau kwa mstari. Sajini alivuka akasimama upande wa juu, mahali ukungu ulipokuwa mzito zaidi, ili asimamishe magari.

Kutoka huko juu tukasikia mitungi ikigongana. Baiskeli. Ilikuwa inateremka kwa kasi, kisha breki zikalia, ikapunguza. Mwendeshaji alikuwa ameona matawi. Alishuka, akaisukuma baiskeli, akapita mbele ya Sajini, akapita kati yetu na lori, akasema, "Asanteni." Mimi nilikuwa nimeinama na tawi mkononi. Nilipoinua kichwa alikuwa amenipita, nikaona mgongo, mitungi miwili na kofia nyekundu ya sufi. Manyatta asubuhi kila mtu huvaa kofia ya sufi. Mwalimu Murithi alikuwa ameketi kwenye lami.

Hakimu haruhusiwi kuwa shahidi kwenye kesi anayoisikiliza mwenyewe. Kwa hiyo tuliporudi Embu, dereva wake mzee ndiye aliyeapishwa, akahojiwa na pande zote mbili. Aliulizwa kwa nini alihama kulia. "Hata wewe ungehama, mheshimiwa. Matawi ni matawi." Hukumu ilisema dereva mwangalifu alifanya kilekile alichofanya mshtakiwa, na kwamba matawi yalitangulia gari, kama mchoro ulivyoonyesha. Mwalimu aliachiliwa. Mama yake Mugendi alitembea mpaka kizimbani, akamshika mkono kwa muda, akaondoka. Nililia mbele ya watu, na sare nimevaa.

Kielelezo hurudishwa stoo mpaka amri ya kukiharibu itoke. Nilipofungua mlango asubuhi iliyofuata, tawi lilikuwa kavu kabisa, majani yote yamepukutika chini. Nililigusa likavunjika.

Basi nyinyi mnaoingia kazi hii, na nyinyi mnaoendesha, mmesikia. Gari lisisogezwe kabla halijachorwa. Kielelezo kitiwe lakiri mbele ya mtu wa pili. Na ukiona matawi na huoni lori, usitukane, usipite kulia. Simama kabisa, shuka, tembea uone. Kamera yenu inasoma namba ya gari vizuri sana, lakini haijui matawi.

Imebaki kitu kimoja. Siku ile ya hukumu nilimsindikiza Mwalimu hadi langoni. Alikuwa huru, lakini hakuwa na uso wa mtu huru.

"Afande, yule wa baiskeli ulimwona?"

"Niliona mgongo."

"Mimi niliona uso," alisema. "Ni yeye. Ndiye alisema asante."

Nikamjibu vile nilivyofundishwa, kwamba aliyeona peke yake hajaona.

"Na Sajini?" akaniuliza. "Si alipita mbele yake?"

Ni kweli alipita mbele yake, karibu hata angeweza kumgusa. Nilifanya kazi na Sajini Nyaga miaka mingine mingi baada ya hapo. Kila tulipofika kona ile alivua kofia yake, akaishika magotini mpaka tuipite, na hakusema kwa nini. Alistaafu, akarudi Gachoka, akafa kwa amani, nami nilikuwa kwenye mazishi yake. Sikuwahi kumwuliza. Angesema ndiyo, wangekuwa mashahidi wawili.